Macho Yetu: Nambari ya Miwani Inapanda Kila Mwaka, Kosa la Nani?

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu watoto wasioona ubao, nikasema mwenye swali aniandikie. Barua zimekuja kutoka Mtongwe mpaka Mtopanga, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua hizi. Majina nimeyaacha, kama kawaida yetu.

Asalaam aleikum dada. Binti yangu ana miaka 9. Mwaka jana alipimwa akapewa miwani ya -1.00 macho yote mawili. Mwezi uliopita tumerudi, jicho la kulia limekuwa -2.00 na la kushoto -2.25. Bibi yake anasema miwani ndiyo inayomharibu, ameichukua akaificha kabatini. Kijana wa duka la miwani naye alituambia tuchukue ya nambari ndogo kidogo ili jicho lisizoee uvivu. Babake huvaa miwani tangu shule. Nimsikilize nani? (Mama, Kisauni)

Waleikum salaam, mama. Miwani itoe kabatini leo. Mengine tutazungumza mtoto akiwa anaona.

Bibi simlaumu. Alichokiona ni kweli: mjukuu alivaa miwani, na nambari ikapanda. Lakini mtoto wa miaka 9 asiyeona mbali nambari yake hupanda akivaa na asipovaa, kwa sababu tatizo liko kwenye urefu wa jicho lenyewe. Mtoto huzaliwa na jicho la milimita 17 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima ni kama milimita 24. Kwa watoto wengine jicho halisimami pale linapotakiwa kusimama. Linaendelea kurefuka, na picha ya kitu cha mbali inaishia mbele ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Milimita moja tu ya ziada inakaribia nambari 2.50 hadi 3.00 za miwani. Miwani ya kawaida huisogeza picha mpaka mahali pake, ndiyo maana mtoto anaona. Kulizuia jicho lisirefuke haiwezi, wala siyo inayolirefusha.

Ninayegombana naye ni kijana wa dukani. Shauri hilo la kupunguza nambari nimelisikia tangu niko chuoni, na lina sura ya hekima. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti kutoka Malaysia ambapo watoto wengine walipewa miwani kamili na wengine wakapewa pungufu makusudi, wakafuatiliwa miaka 2. Waliopewa pungufu ndio nambari zao zilizopanda zaidi. Kwa hiyo binti yako angekaa darasani akifinya macho, akanukuu kutoka daftari la jirani yake, na asifaidi chochote. Mpe nambari kamili.

Sasa swali langu kwako. Alipopimwa, alitiwa matone ya kulegeza macho? Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu na haitulii. Akitazama ndani ya mashine anajikaza bila kujua, na mashine inatoa nambari kubwa kuliko ya kweli. Matone hayo huchukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, na siku hiyo mtoto hawezi kusoma vizuri na mwanga unamchoma. Duka lenye foleni halipendi kungoja nusu saa. Basi nenda penye kitengo cha macho, na useme mwenyewe kwamba unataka apimwe kwa matone. Huenda ile -2.25 ikawa -1.75. Huenda ikabaki vile vile.

Ikibaki, nambari moja na zaidi kwa mwaka mmoja ni mwendo wa kasi. Sisi wa kazi ya macho huanza kushughulika mtoto akipanda 0.50 kwa mwaka. Ana miaka 9, na jicho la namna hii laweza kurefuka mpaka anapomaliza sekondari. Kuvaa miwani minene siyo kinachonitia hofu. Mtu akifika -6.00 na kupita, retina imevutwa na kuwa nyembamba. Ukubwani huwa katika hatari zaidi ya retina kuchanika na kubanduka, ya shinikizo la jicho, na ya kuharibika ile sehemu ya katikati ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Huko miwani haisaidii. Mwaka 2019 watafiti wawili walikadiria kwamba ukimwokolea mtoto nambari moja tu, unampunguzia hatari ya ugonjwa huo wa katikati ya retina kwa asilimia 40 hivi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika.

Kuna matone ya atropini ya kiwango kidogo, tone moja kila usiku. Hong Kong walilinganisha viwango vitatu na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Cha asilimia 0.05 ndicho kilichofanya kazi zaidi, kwa kupunguza mwendo wa nambari kwa karibu theluthi mbili katika mwaka wa kwanza, na cha 0.01, ambacho wengi walikuwa wamekizoea, kilikuwa dhaifu. Kuna miwani ambayo kwa kuitazama ni ya kawaida, ila kuzunguka sehemu ya katikati imejazwa vilenzi vidogo vidogo. Katikati mtoto anaona sawasawa, na pembeni mwanga unafika retina kwa namna inayoliambia jicho lisirefuke. Ya kwanza ya aina hiyo ilibuniwa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong, na kwa miaka 2 nambari ilipanda nusu tu ya ile ya wenzao. Na kuna lenzi za kubandika juu ya jicho, ambazo huvaliwa na kuvuliwa. Moja ya kuvaa mchana ilipata kibali Marekani Novemba 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12.

Hakuna hata moja inayorudisha nambari nyuma. Jicho likisharefuka ni kama mtoto aliyekua: humfupishi.

Ningekuwa wewe, ningepima kwa matone kwanza. Ikithibitika, ningeanza matibabu mwaka huu huu, nisingoje nione mwakani. Miwani ya vilenzi ningeipendelea, maana miwani tayari anavaa na hakuna la ziada la kumkumbusha. Waulize wanaokupimia kama wanaiagiza na bei yake, kwa sababu ni ghali na mtoto atahitaji kubadilishiwa. Isipowezekana, matone kwa mkono wa daktari. Na kila miezi 6 apimwe tena, ikiwezekana na urefu wa jicho. Hospitali inayopasua mtoto wa jicho ina mashine ya kupima urefu huo, kwa sababu hawawezi kuchagua lenzi ya kupandikiza bila hiyo. Ni suala la kuomba tu.

Mimi na mke wangu sote tunavaa miwani. Kijana wetu ana miaka 6, bado anaona vizuri. Je, kuna la kumkinga au ni kungoja zamu yake? (Baba, Likoni)

Lipo. Na barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu wengi huniandikia mambo yameshaharibika.

Kweli wazazi wawili wenye miwani wanampa mtoto uwezekano mkubwa zaidi. Lakini damu haisemi yote. Mwaka 2008 walilinganishwa watoto wa miaka 6 na 7 wa asili ya Kichina, wengine wakiishi Singapore na wengine Sydney. Wazazi wao walikaribiana kwa tatizo hili. Singapore waliokuwa hawaoni mbali walikuwa asilimia 29.1, Sydney 3.3. Na wale wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi! Tofauti kubwa ilikuwa muda wa kuwa nje: saa 13 na robo tatu kwa wiki kule Sydney, na saa 3 hivi Singapore. Kisha Guangzhou, China, wakajaribu jambo lenyewe shuleni. Walichukua watoto wa darasa la kwanza, wakawaongezea dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa miaka 3. Waliopata tatizo wakawa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwenye shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Taiwan tangu 2010 inazihimiza shule zitoe watoto nje dakika 120 kwa siku.

Kinachofanya kazi ni mwanga, hata kama mtoto hakimbii. Darasa lenye taa nzuri lina laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500, na nje, hata siku ya mawingu, mara nyingi unapita laksi 10,000. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga mwingi huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na dopamini hulizuia jicho lisikimbilie kurefuka.

Utasema: jua hapa Mombasa si tunalo bure? Tunalo, ila watoto wetu hawalioni. Hebu hesabu siku ya mtoto wa mjini. Anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anapakiwa kwenye gari la shule, yumo darasani mpaka alasiri. Kisha madrasa mpaka magharibi, au tuition, kisha kazi ya nyumbani, kisha simu ya mamake kama zawadi ya kutulia. Jumamosi tuition tena. Mtoto wa namna hiyo yuko kilomita chache na ufuo wa Shelly na mwanga wake ni wa mtoto wa ghorofani Singapore. Hapa Afrika tatizo hili bado ni dogo kuliko Asia Mashariki, ambako mijini vijana 8 hadi 9 kati ya 10 wanamaliza shule wakiwa nalo. Sioni kwa nini tuwafuate.

Basi lenga saa 2 za nje kwa siku, ukizijumlisha vipande vipande. Atembee kwenda shule ikiwa ni karibu. Muda wa mapumziko asibaki darasani. Jioni kabla ya magharibi acheze mpira, arushe tiara, au akae tu nje akila viazi karai. Kivuli cha mwarobaini kinatosha, na kofia haiharibu kitu. Sikuambii umchome na jua la saa saba, wala asilitazame jua lenyewe kamwe.

Na umpime hata kama anaona. Mtoto wa miaka 6 hutakiwa awe na akiba, yaani akipimwa kwa matone nambari yake iwe ya kujumlisha. Ikiwa chini ya +0.75 katika umri huo, yuko njiani, na utamchunga zaidi. Hong Kong wamejaribu hata kuwapa watoto kama hao atropini kabla ya kuanza tatizo. Matokeo ya 2023 yalikuwa mazuri, lakini kwa kijana wako mimi ningeanza na uwanja wa mpira.

Kwa wazazi ambao watoto wao tayari wana miwani: kuwa nje kunasaidia zaidi kuchelewesha tatizo lisianze. Likishaanza, ushahidi wa kwamba mwanga peke yake utaupunguza mwendo wake ni dhaifu. Mtoeni nje, ila msiache matibabu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Nina kijana wa miaka 11 anayesoma pua ikiwa karibu kugusa juzuu. Nikiingia hanitambui mpaka nizungumze. Wazazi wanasema ni mazoea. Je, kusoma sana kumemharibu? (Mji wa Kale)

Maalim, hayo siyo mazoea. Asiyetambua sura ya mwalimu wake mlangoni hajizoezi kitu. Niliwahi kumpima kijana aliyekuwa akizijua matatu za kwao kwa muziki wake tu. Maandishi ya mbele hakuwahi kuyasoma hata siku moja, na nyumbani walimwona mjanja. Waambie wazazi wampeleke wiki hii, na wakikutegemea wewe uwapeleke, Mungu akulipe.

Kusoma kwa karibu kwa muda mrefu kuna mchango, ingawa ni mgumu kuupima kuliko ule wa mwanga. La kufanya ni jepesi. Kila mtoto awe na marfaa, asilaze kitabu mapajani. Aweke ngumi shavuni na kiwiko kwenye kitabu, na asisogee karibu zaidi ya hapo. Kila baada ya nusu saa wainue macho watazame mbali. Najua vichochoro vyenu, mbali yenyewe ni ukuta wa jirani, basi watoke barazani. Na kama kuna ua, darasa moja la alasiri lifanyike uani. Kusoma ni kule kule, na mwanga ni mara kumi au zaidi.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu inakinga? Karoti je? Mazoezi ya macho? (Wasomaji kadhaa)

Ya buluu: hapana, haijaonyeshwa kwamba inazuia nambari kupanda. Ukiuziwa kama nyongeza, bakisha pesa yako. Karoti na mchicha vina vitamini A, ambayo inalinda dhidi ya upofu wa usiku na kuharibika kwa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Kwa tatizo letu hili havina la kufanya, ila kuleni, ni chakula. Mazoezi ya kuzungusha macho hayafupishi jicho.

Dada, dawa ya atropini nimeipata kwenye duka la dawa bila karatasi ya daktari, imeandikwa 1%. Naweza kuichanganya na maji ya kuchemsha nimpe mwanangu wa miaka 7? (Mama, Changamwe)

Usifanye hivyo, tafadhali. Hiyo ni kali mara 20 kuliko ile ya 0.05. Itamwacha mboni zimefunguka siku nyingi, asome asione, jua limchome. Na ukiichanganya jikoni hujui umepata kiwango gani, wala hujui umetia vijidudu gani kwenye chupa ambayo utamtilia machoni kila usiku. Atropini ikimezwa ni sumu kwa mtoto: uso unakuwa mwekundu, mdomo unakauka, moyo unakimbia, anaweweseka. Iondoe mahali anapofikia. Ya kiwango kidogo huandaliwa na mfamasia katika hali safi, kwa karatasi ya daktari wa macho. Na ikianzwa haikatwi ghafla. Ikiachwa ghafla, hasa ile ya viwango vya juu, nambari hupanda tena kwa kasi.

Nasoma chuo, ninaishi Tudor. Nimesikia kuna lenzi za kulala nazo usiku, asubuhi unatoa na unaona bila miwani. Ni kweli au ni uongo wa mtandaoni? (Msomaji, miaka 19)

Ni kweli. Ni lenzi ngumu zinazoibonyeza konea usiku ibadilike umbo kidogo, na mchana unaona. Ukiacha kuvaa, konea inarudi ilivyokuwa. Kwa watoto hupunguza pia mwendo wa jicho kurefuka, kwa karibu nusu katika tafiti nyingi.

Wasiwasi wangu kwako ni maji. Lenzi ya aina yoyote haiguswi na maji ya bomba, ya kisima wala ya mkokoteni, hata yakiwa yamechemshwa. Humo huweza kuwamo kimelea kiitwacho akanthamiba, kinachokula konea polepole na kwa maumivu makubwa. Inasafishwa kwa dawa yake peke yake, na mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Kama siku nyingine mnakosa maji ya kuoshea mikono, baki na miwani. Kuogelea baharini na lenzi pia hapana.

Nina miaka 26, miwani yangu ilikuwa -9.50. Miaka 3 iliyopita nilifanyiwa leza nje ya nchi, sivai tena miwani, kwa hiyo mimi si mtu wa tatizo hili tena. Ila tangu juzi naona vimulimuli pembeni ya jicho la kushoto na vidoa vyeusi vingi vinaelea. Ni uchovu wa kompyuta? (Bamburi)

Huyu nilimpigia simu siku ile ile barua iliponifikia. Naichapisha kwa ajili ya wengine walio kama yeye.

Leza hunyoa konea tu, huku mbele. Urefu wa jicho haukuguswa, na retina bado ni ile ile nyembamba ya mtu wa -9.50. Vimulimuli vipya na vidoa vingi vya ghafla ni dalili kwamba retina huenda inavutwa au imechanika. Ikiwa imechanika tu, hufungwa kwa leza au kwa kugandishwa, na mara nyingi mtu hutembea kwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Ikishabanduka ni upasuaji mkubwa, na kila siku inayopita inaondoka na sehemu ya uoni. Ukiona na kivuli kama pazia kinachoshuka au kupanda kutoka upande mmoja, hali imeshafika huko.

Kwa hiyo duka la miwani siyo mahali pa kwenda, na wala usingoje Jumatatu. Nenda Coast General au hospitali yoyote ya macho iliyo karibu, mlangoni useme maneno haya: nilikuwa -9.50, nimefanyiwa leza, nimeanza kuona vimulimuli. Usiseme tu kwamba jicho linauma au limechoka, utawekwa kwenye foleni ya kawaida. Usiendeshe gari, maana utatiwa matone ya kupanua mboni. Chukua mtu wa kukurudisha, na uwe tayari kupewa rufaa.